PUNDA AFE, MZIGO UFIKE?
Somo fupi kuhusu kiongozi, matokeo na utu

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Ikonge

Mwaka huu nimechagua kuandika juu ya methali moja ambayo sote tunaijua: "Punda afe, mzigo ufike." Muhula wa tatu ukikaribia utaisikia kila mahali. Mzazi anaisema, mwalimu anaisema, hata sisi wenyewe tunaiandika nyuma ya madaftari yetu. Maana yake ni kwamba kazi ni lazima ikamilike, liwe liwalo.

Lakini hebu tuiulize methali hii swali moja tu: punda akishakufa, huo mzigo utafikaje?

Swali hili si mzaha. Kila kiongozi, kuanzia kiranja wa darasa hadi mwalimu mkuu, meneja wa kiwanda cha chai na hata waziri, ana vitu viwili mabegani. Cha kwanza ni matokeo anayodaiwa na walio juu yake. Cha pili ni watu anaowaongoza. Akishika kimoja na kuacha kingine, atajikwaa. Katika somo hili nitajaribu kueleza jinsi ya kuvibeba vyote viwili.

KIRANGOZI NA MNYAPARA

Kwa kuwa hiki ni chama cha Kiswahili, tuanze na maneno yenyewe. Katika karne ya 19 misafara mikubwa ilitoka Bagamoyo na miji mingine ya pwani kwenda bara, hadi Tabora na Ujiji. Mizigo ilibebwa na wapagazi, wengi wao wakiwa Wanyamwezi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa na uzito wa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na ushei, na safari ya kufika Tabora ilichukua miezi kadhaa kwa miguu.

Katika misafara hiyo kulikuwa na mtu aliyeitwa kirangozi. Neno hili na neno letu kiongozi ni ndugu. Kirangozi alitangulia mbele, alijua njia, na wengine waliufuata mwendo wake. Kulikuwa pia na wanyapara, ambao walisimamia vikundi vya wapagazi. Leo neno nyapara limebaki na maana ya msimamizi wa kibarua, na mara nyingi tunamfikiria mtu wa kufoka na kusukuma.

Mpagazi hakuwa mjinga. Akinyimwa posho au akiumwa na kulazimishwa kuendelea, aliweza kugoma, au kuweka mzigo chini na kutoroka usiku. Kwa hiyo mkuu wa msafara aliyetaka bidhaa zake zifike ilimbidi ajue nani anaumwa, chakula kimebaki kiasi gani na maji yako wapi. Kumbe kuwajali watu hakukuwa hisani ya pembeni. Kulikuwa sehemu ya kazi yenyewe ya kufikisha mzigo.

Sasa tutazame mahali ambapo jambo hili lilisahauliwa. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, serikali ya Waingereza iliwachukua Waafrika wengi sana, vijana wa Ugusii wakiwamo, ili wabebe mizigo ya jeshi. Kikosi hicho kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na ndipo tukapata majina ya Kariokor mjini Nairobi na Kariakoo mjini Dar es Salaam. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao walikufa. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na magonjwa kama vile kuhara damu na malaria, pamoja na chakula kibaya na uchovu. Hapo punda alikufa kweli kweli, na punda huyo alikuwa binadamu mwenye mama yake.

UPANDE WA PILI WA SHILINGI

Msomaji mmoja atasema, "Basi tuachiwe tulale, kazi tutafanya tukipenda!" La hasha. Wahenga wanatuonya kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, na pia kwamba ukicheka na nyani utavuna mabua. Mwalimu ambaye hasahihishi daftari eti asituudhi hatupendi. Kiranja anayewaachia rafiki zake wapige kelele huku wengine wanataka kusoma hajali watu. Anajali kupendwa tu. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Mtoto wa maskini ndiye anayeumia zaidi kiongozi akilegea. Mtoto wa tajiri matokeo yakiwa mabaya atatafutiwa chuo cha kulipia. Mtoto ambaye karo yake imetoka kwa majani chai na ndizi za sokoni hana nafasi ya pili. Kwa hivyo kudai matokeo mema ni njia mojawapo ya kuwajali watu. Shida huja matokeo yanapogeuka kuwa kila kitu.

PRESHA SHULENI

Presha ya masomo ina mnyororo. Mzazi na jamii wanamdai mwalimu mkuu. Mwaka wa 2016 Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, ilianza kuwapima walimu nchini kote kwa tathmini ya utendakazi, kwa hiyo mwalimu naye anadaiwa. Mwalimu anamdai kiranja darasa litulie. Kiranja anamdai mwanafunzi. Mwanafunzi hana mtu wa kumdai, basi anaubeba mzigo wote peke yake, au anautupa.

Serikali iliwahi kuliona tatizo hili. Mwezi wa Novemba 2014, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Jacob Kaimenyi, alitangaza kwamba shule na watahiniwa hawatapangwa tena kwa nafasi katika mitihani ya kitaifa. Lakini tabia ni kama ngozi. Hata baada ya hapo, matokeo ya KCSE yakitoka shule hupiga hesabu za wastani zenyewe, magari hupiga honi barabarani na walimu hubebwa juu juu. Kufurahi si vibaya. Ubaya ni pale mwanafunzi dhaifu anapoonekana kama doa linaloharibu wastani. Wako wanafunzi katika nchi yetu ambao wameambiwa warudie darasa au wakajiandikishe mtihani kwingine, ili alama zao zisiishushe shule. Hapo tujiulize: shule ni ya wastani au ni ya watoto?

Mwaka wa 2016 tuliona upande mwingine wa presha. Shule zaidi ya 100 nchini zilichomwa na wanafunzi, hasa katika muhula wa pili. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni hofu ya mitihani ya majaribio na wanafunzi kukosa mtu wa kuwasikiliza. Ieleweke kwamba hakuna sababu inayohalalisha kuchoma bweni. Huo ni uhalifu, na moto haujui nani ana makosa. Hata hivyo, kiongozi mwenye busara huuliza moshi ulianzia wapi kabla haujawa moto.

Sisi wa shule za kutwa tuna presha yetu pia. Tuseme wanafunzi wawili wamefika saa mbili kasoro robo, na wote wameandikwa na kiranja kwenye orodha ya wachelewaji. Wa kwanza alikuwa amesimama sokoni akipiga soga. Wa pili aliamka saa kumi na moja, akakamua ng'ombe, akamfikisha mdogo wake shuleni, kisha akatembea kwenye matope kwa sababu usiku mvua ilinyesha. Kwenye orodha hao wawili ni sawa. Kwa haki si sawa hata kidogo. Kiranja ambaye haulizi atampa adhabu moja yule mvivu na yule mwenye bidii, na kesho yule mwenye bidii atajiuliza, "Nahangaika ya nini?"

TUJIFUNZE KUTOKA KWA CHAI

Hapa kwetu Nyamira chai ni mwalimu mzuri, ila tu hatumsikilizi. Kila mkulima anataka kilo nyingi, maana kilo ndizo pesa za mwezi na ndizo bonasi. Lakini sheria ya chai ni majani mawili na chipukizi. Ukichuma kwa pupa na kujaza majani makubwa yaliyokomaa, karani wa kituo atakurudishia. Ukichuma leo na kesho bila kuupa mmea nafasi ya kuchipua, unaudhoofisha.

Zaidi ya hayo kuna kupogoa. Baada ya miaka kadhaa mchai hukatwa ubaki mfupi. Kwa muda wa miezi hivi mkulima hapati kitu kutoka sehemu hiyo, na mtu asiyejua atasema huyu ana wazimu, anakata pesa zake. Lakini mchai ukichipua tena huwa na nguvu, na mkono unaufikia vizuri. Mkulima mwerevu hapogoi shamba lote mara moja; hupogoa sehemu moja, sehemu nyingine zikiendelea kumlisha. Huo ndio usawa ninaouzungumzia: kuvuna na kutunza, vyote kwa mpango.

Wazee wa Ugusii nao walilijua hilo katika risaga. Mtu aliyekuwa na shamba kubwa aliwaita majirani waje walime pamoja. Kazi ilifanywa kweli kweli, hakuna aliyekuja kutalii. Lakini mwenye shamba naye alikuwa na wajibu wa kuwapa chakula na kinywaji, na siku nyingine kwenda kulima kwa wenzake.

KOCHA NA MKIMBIAJI WAKE

Mfano wangu wa mwisho unatoka Nandi. Patrick Sang alishinda medali ya fedha katika mbio za mita 3000 kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki za Barcelona mwaka wa 1992. Baadaye kijana wa kijijini kwao alimwendea akiomba ratiba ya mazoezi. Sang akamwandikia. Kijana huyo alikuwa Eliud Kipchoge, na mwaka wa 2003 alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5000 kule Paris.

Lakini mwaka wa 2012 Kipchoge alishindwa kufuzu kwa Olimpiki za London. Kiongozi wa punda afe angemwambia, "Umekwisha, nenda nyumbani." Sang hakumwacha. Mwaka uliofuata Kipchoge aliingia katika marathoni na kushinda mjini Hamburg. Alipata dhahabu ya Olimpiki mwaka wa 2016 mjini Rio na tena mwaka wa 2021 katika michezo ya Tokyo. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, ingawa haikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi.

Kipchoge amesema mara nyingi kwamba hafanyi mazoezi kwa nguvu zake zote kila siku. Anabakisha za siku ya mashindano. Na katika kambi yao ya Kaptagat wakimbiaji hufanya usafi kwa zamu, naye bingwa akiwamo. Nidhamu ipo, matokeo yapo, na utu upo. Kumbe yawezekana!

MAMBO MATANO YA KUKUMBUKA

Kwa kifupi, kiongozi anayetaka kubeba vyote viwili afanye hivi:

1. Abebe mzigo wake pia. Kiranja anayewahi ana haki ya kudai wengine wawahi.

2. Aulize kabla ya kuadhibu. Swali moja, "Kuna shida gani?", halichukui dakika mbili.

3. Apime hatua, si kilele pekee. Aliyetoka D akafika C ametembea mbali, ingawa jina lake halitasomwa paredi.

4. Apange mapumziko kama anavyopanga kazi. Mchezo wa jioni na usingizi si wizi wa wakati.

5. Aseme ukweli. Kumwambia mtu kazi yake ni mbaya si kumchukia, mradi umwambie faraghani na umwonyeshe njia ya kurekebisha.

Nasi tunaoongozwa tuna wajibu wetu. Mwalimu ni mtu. Anachoka, ana watoto, ana madeni. Tukimwona ana presha, tusimwongezee kwa ukaidi wa makusudi.

ZOEZI

(a) Taja methali mbili zinazokubaliana na "Punda afe, mzigo ufike" na mbili zinazoipinga.
(b) Eleza tofauti ya maneno haya: kiongozi, mtawala, nyapara.
(c) Ungekuwa kiranja, ungewafanyia nini wale wachelewaji wawili? Jadilini kikundini.

Namalizia hapo. Methali ni mali ya wahenga na siwezi kuifuta, lakini naomba ruhusa ya walimu niiongezee nyingine ubavuni: mlishe punda, mzigo ufike.