Nani Anaweza Kuingia Kwenye Swichi ya Duka Lako?

PIN yako umeificha vizuri. Je, mtandao wa duka lako nao umefungwa?

Tunazungumzia swichi, kile kiboksi chenye matundu ya waya kinachounganisha kompyuta ya kaunta, printa ya risiti na kamera. Swichi nyingi za biashara zinaweza kufunguliwa na fundi akiwa mbali. Hiyo inarahisisha kazi, lakini mlango ukiachwa wazi, mtu mwingine anaweza kukata laini ya kaunta yako wateja wakiwa kwa foleni, au kunakili data inayopita humo.

Mambo haya hutokea. Mwaka 2016, programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu paswadi za kiwandani, kama vile "admin", kupitia njia ya Telnet.

Keti na fundi wako mfanye haya:

1. Badilisheni paswadi ya kiwandani. Weka ndefu, na isiwe ile ya waifai ya wateja.

2. Zimeni Telnet, mtumie SSH. Telnet hutuma paswadi wazi wazi kwenye waya. SSH huificha njiani.

3. Ruhusuni kompyuta moja tu. Swichi huwa na orodha ya anwani zinazokubaliwa kuingia. Kama kompyuta ya meneja ni 192.168.1.10, iandikwe hiyo peke yake. Hakikisheni anwani hiyo haibadiliki, la sivyo mtajifungia nje wenyewe. Kabla fundi hajatoka kwenye swichi, ajaribu kuingia upya kupitia dirisha la pili. Likikubali, ndipo afunge la kwanza.

4. Jaribuni kama mgeni. Unganisha simu yako kwa waifai ya wateja, kisha ufungue anwani ya swichi. Ukiona ukurasa wa kuingia, kazi haijaisha. Rudia kwa bando za simu, ukitumia anwani ya nje ya intaneti ya duka.

5. Fundi au meneja akiacha kazi, paswadi ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Na kumbuka, sisi hatutakupigia simu kukuuliza PIN yako wala paswadi ya swichi. Mtu akipiga akisema ametoka kwetu na anataka "kurekebisha mtandao" akiwa mbali, kata simu, kisha umuulize fundi wako unayemjua.