Gramafoni Ikikoroma, Anza na Mpira

Gramafoni ya kukoroga ikitolewa stoo baada ya miaka mingi, mara nyingi springi bado ina nguvu na sahani inazunguka vizuri. Tatizo ni sauti. Inatoka nyembamba, au inakoroma kila mwimbaji anapopaza. Wengi huilaumu santuri. Mimi ningeanza na kichwa, kile kiduara cha chuma kinachoshika sindano, maana mpira uliomo ndani yake hukauka ukawa mgumu kama mfupa.

Kichwa hicho kina historia katika Bonde la Ufa. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipofika Kapkatet, upande wa Kericho, mwaka 1950, alirekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba Chemirocha. Huyo alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933, ambaye sauti yake ilikuwa imefika kwao kwa gramafoni. Hakukuwa na umeme wala spika. Sindano ilitikisa mkono mdogo wa chuma, mkono ukatikisa kiwambo, ule utando mwembamba ndani ya kichwa, kiwambo kikasukuma hewa kwenye pembe. Katika mashine ya namna hiyo, hewa ikivuja hata kidogo, wimbo umepungua.

Kabla ya kufungua chochote, piga picha kwa simu, mbele na nyuma. Tandika kitambaa cheupe ndani ya sinia, kwa sababu vichwa vingine vina gololi ndogo kuliko punje ya mtama pale mkono unapoegemea, na ikidondoka sakafuni hutaiona tena. Skrubu ikigoma, usiilazimishe. Vichwa vingi vilitengenezwa kwa aloi ya zinki inayopasuka ikizeeka. Tia tone la mafuta, iache ilale usiku kucha, ujaribu tena asubuhi kwa bisibisi inayoenea sawasawa.

Ndani utakuta kiwambo kimekaa kati ya pete mbili za mpira. Kwenye vichwa vya zamani kiwambo ni cha ulanga, yale madini yanayoachana tabaka tabaka. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 vingi vikawa vya alumini nyembamba. Cha alumini kishike pembeni tu, kwani kikibonyea hakirudi. Pete zilizokauka zitoe kwa kijiti cha mbao. Ukizitoa kwa kisu utakwaruza ukuta wa kichwa, na hapo ndipo hewa itakapopita.

Badala ya pete hizo tafuta ule mpira mwembamba wa valvu ya baiskeli, ambao mafundi wa baiskeli wanaujua. Ulinganishe kwanza na unene wa pete ya zamani. Kiwambo cha upana wa sentimita 5 kinahitaji kama sentimita 15.7 kukizunguka. Kata kwa wembe mpya, ncha zikutane bila pengo na bila kupandana, na usiuvute mpira ili ufike. Maungio ya pete mbili yasikae mahali pamoja. Ukifunga, kaza skrubu zote kidogo kidogo kwa zamu. Kiwambo kinatakiwa kishikwe, kisibanwe.

Sasa kazi inayoharibiwa na haraka: mkono wa sindano ufike katikati ya kiwambo bila kukisukuma wala kukivuta. Ukiona kiwambo kimebinuka hata kidogo, legeza ekseli ya mkono, urekebishe tena. Halafu ziba pale mkono unapoungana na kiwambo kwa tone dogo la nta ya nyuki iliyoyeyushwa. Nta haikosekani kwetu, iwe ya Baringo au ya Waogiek wa Mau. Usitumie supaglu, maana fundi atakayefuata atalazimika kuvunja kiwambo ili kukifungua.

Mwisho kagua mpira wa shingoni, kichwa kinapoingia kwenye mkono mkubwa. Huo nao hukauka, na watu huusahau.

Mashine ya silinda ya Edison ina kanuni ileile, ila ncha yake ni yakuti au almasi isiyobadilishwa kila mara, na ncha ya silinda ya dakika mbili haifai kwa ya dakika nne, kwa kuwa mifereji ya ile ya pili ni myembamba mara mbili. Silinda ya nta yenye sauti ya mtu usiijaribu kabisa. Mtafiti Karl Weule, kwa mfano, alirekodi nyimbo kwa fonografu kusini mwa Tanzania ya leo mwaka 1906. Nta ya namna hiyo kila ikichezwa inalika. Ipelekwe kwanza ikanakiliwe.

Kwa santuri za shelaki, weka sindano mpya ya chuma kila upande. Na kama familia inafikiria kumpa mnunuzi wa vyuma chakavu gramafoni ya babu kwa kilo, tafadhali fungueni kichwa kwanza. Mpira wa valvu ni wa bei ya chini sana.