Kuchuchumaa na Altere: Mgongo Kwanza, Kilo Kisha

Jioni kisha masomo tunaona wenzetu wengi nyuma ya bweni wakiinua altere, yale makopo mawili ya simenti yenye kuunganishwa na kipande cha chuma. Ni vizuri. Lakini ulizo lao ni moja tu: "Ya wewe iko na kilo ngapi?" Ginsi mgongo unavyokaa, hakuna anayeuliza. Na wadogo wa mwaka wa kwanza wanaangalia na kufwata.

Juu ya hiyo tunachagua zoezi moja: kuchuchumaa na altere mbele ya kifua. Linafanyisha kazi mapaja na matako, hata tumbo na mgongo, sababu uzito wa mbele unataka kukuangusha kifudifudi, na mgongo pamoja na tumbo vinakataa. Kama altere hakuna, kamata bidoni ya litri 5: ikijaa maji ni kilo 5. Kwa kuanza inatosha.

Simama, miguu ipanuke kupita mabega kidogo, vidole vielekee nje kidogo. Altere isimame wima, viganja viwili vikae chini ya kopo la juu, viwiko viangalie chini. Iguse kifua. Ukiiweka mbali inakuwa kama nzito zaidi; ni ile levye ya somo la fizika.

Sasa vuta pumzi mpaka tumboni na kaza tumbo, kama mtu anayengoja kupigwa ngumi pale. Pumzi ile ndiyo nguzo ya uti wa mgongo. Kisha shuka polepole, moja, mbili, tatu, kama unatafuta kiti kifupi nyuma yako. Visigino visitoke chini. Magoti yafwate njia ya vidole vya miguu. Wengine wanasema goti lisipite kidole hata kidogo. Haiko hivyo: mwenye mapaja marefu litapita tu, na kama kisigino kiko chini na goti haliumi, hakuna neno. Kosa kubwa ni magoti kuanguka ndani.

Shuka mpaka fasi mgongo unabaki umenyooka. Kiuno kikianza kupinda, hapo ndipo mwisho wako kwa leo, hata kama jirani anafika chini kabisa. Kupanda, sukuma udongo na mguu wote, kifua na matako vipande pamoja. Matako yakitangulia, mgongo ndio unabeba. Pumzi itoke ukipita fasi ya nguvu.

Fanya mara 8, pumzika dakika 2, rudia mpaka zamu 3. Kesho yake acha. Ongeza kilo wakati mara ya 8 inafanana na ya kwanza. Maumivu yenye kuchoma ku goti ao ku kiuno, simama palepale.

Zoezi hili si la kuonyesha mikono. Bidoni ya maji ya litri 20 ni kilo 20 na zaidi, na wengi wetu tunaiinua magoti yamenyooka, mgongo kama upinde. Ikamate karibu na mwili, magoti yakunjwe, tumbo likazwe.

Siku ya Posho, kisha kazi ya mikono, tutakuwa nyuma ya bweni na bidoni tatu. Wavulana na wasichana, kila mtu aje na mwenzake wa kumwangalia kwa upande, maana mgongo wako mwenyewe huuoni.