Mpango wa Kampuni: Faida Zake na Gharama Zake

Kampuni ya kusaga sembe huishi kwa bei ya mahindi. Nyanda za Juu Kusini, mavuno yanapoingia sokoni kati ya Mei na Agosti bei hushuka. Ikifika Januari au Februari, gunia limeshapanda. Mwenye mpango ulioandikwa anajua mapema Julai itahitaji fedha kiasi gani, atakodi ghala lipi na benki ataiendea lini. Asiye nao huhangaikia mkopo wakati wenzake wameshajaza maghala. Kwa maoni yetu, faida hii peke yake inatosha kuwakalisha wakurugenzi mezani. Tena mhasibu, fundi na dereva hulenga jambo moja, na afisa mikopo wa benki hupata cha kusoma.

Gharama nazo zipo. Vikao hula muda wa wakuu wa idara. Baya zaidi, bajeti iliyopitishwa Desemba hugeuka amri. Machi mkanda wa mashine unakatika, duka la vipuri liko ng'ambo ya barabara, lakini mhasibu anasema fungu la matengenezo limekwisha. Wateja wamepanga foleni, mashine imesimama, na kila mtu amefuata utaratibu!

M-Pesa ya Kenya inafundisha mengi hapa. Majaribio yake yalianza mwaka 2005, Vodafone na Safaricom wakishirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Lengo lilikuwa wakopaji walipe marejesho kwa simu. Wateja wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Wasimamizi hawakuwarudisha kwenye mstari. Walibadili lengo, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa kwa umma kama njia ya kutuma pesa. Wala tusiseme mpango wa kwanza ulikuwa kazi bure: kwa kuwa lengo lilikuwa limeandikwa, ilionekana wazi wateja wameelekea kwingine.

Kampuni ndogo haihitaji kitabu kinene. Andikeni mauzo mnayotarajia, fedha zitakazoingia na kutoka kila mwezi, na nani anawajibika kwa lipi. Msisahau makisio mliyoyategemea: bei ya gunia, bei ya dizeli, riba ya mkopo. Wengi huruka sehemu hii, na ndiyo inayoonyesha mpango umepitwa na wakati. Kila robo mwaka yalinganisheni na hali halisi, kisha mrekebishe mpango na kuandika tarehe. Tengeni pia fungu la dharura ambalo msimamizi wa kiwanda anaweza kulitumia siku hiyohiyo, bila kusubiri kikao.