Pikipiki Ikipakiwa Kama Mzigo, Nani Analipa Ikifika Imepinda?

Kijana wa Makoko, Musoma, akishanunua pikipiki ya Boxer ya mtumba Mwanza, kinachobaki mfukoni ndicho kinachoamua itafikaje nyumbani. Kuiendesha kupitia Magu, Lamadi na Bunda ni zaidi ya kilomita 200, juu ya chombo ambacho hujajua breki zake. Basi wengi huipakia: nyuma ya gari la jamaa, kwenye fuso linalorudi, au kwenye buti la basi.

Nyuma ya gari dogo sikushauri. Kuikokota kwa kamba huku mtu amekaa juu yake ni kutafuta msiba. Ukiifunga kwenye chuma nyuma ya gari, usukani na magurudumu huziba namba na taa, na Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka vyote vionekane. Faini ya papo kwa hapo kwa gari ni shilingi 30,000 kwa kosa, na askari wa barabara hiyo si wachache. Nafuu uliyotafuta inaishia hapo.

Pikapu je? Tazama rangi ya namba. Namba ya njano ni ya gari binafsi, halina leseni ya kubeba mizigo ya watu kwa malipo. Ndugu akikusaidia bure hakuna shida. Mtu usiyemjua akikutoza nauli kwa gari la namba ya njano, mko nje ya utaratibu wa LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, na siku ya ugomvi utajikuta huna mahali pepesi pa kulalamika.

Fuso na basi ndiko wengi wanakoumia, kwa kuwa hudhani bila karatasi hawana haki. Si kweli. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano ya mdomo ni mkataba, na anayekabidhiwa mali ya mwenzake lazima aitunze kama mtu makini anavyotunza yake. Tangi likibonyea kwa sababu konda alilaza pikipiki chini ya magunia, hiyo si bahati mbaya, ni uzembe, na fidia unaweza kuidai. Ila mdomo hauthibitishiki kirahisi. Dai risiti yenye namba ya gari, namba ya pikipiki, kiasi ulicholipa na mahali pa kushushia. Piga picha pande zote nne kabla haijafungwa, dereva au konda akiwepo. Mafuta yamwagwe kwanza. Petroli ndani ya buti la basi lenye abiria ni hatari kwa kila mtu.

Mahali pa kushushia pasipuuzwe. Mabasi huishia stendi ya Bweri, si Makoko. Malori yanayokwenda Tarime na Sirari hupita Makutano, nje ya mji, na dereva mwenye haraka atakushushia hapo usiku wa manane akisema “umeshafika Musoma”. Mlichokubaliana kikiwa Musoma mjini, bado hajatimiza kazi yake. Ndiyo maana nauli ni vizuri kuigawa: nusu kwenye kupakia, nusu kwenye kupokea.

Risiti nyingi zina maneno madogo kwamba mzigo husafiri kwa hasara ya mwenyewe. Sharti unaloonyeshwa baada ya kulipa si sawa na sharti ulilokubali. Maneno hayo yasome kabla ya kutoa fedha, ukatae au mjadiliane. Wala usitegemee bima ndogo. Ile humlipa mtu wa tatu aliyeumizwa na pikipiki barabarani, hailipi pikipiki yako iliyopinda ndani ya lori.

Njiani polisi wanaweza kuuliza ni ya nani. Kuuliza ni haki yao, maana pikipiki za wizi husafirishwa hivyohivyo. Mpe msafirishaji nakala ya kadi na ya mkataba wa mauziano, asili ubaki nazo wewe. Wakiichukua, uliza sababu na dai hati ya maandishi ya kukamatwa kwa mali. Mzigo ukiwa umefungwa vibaya, kosa ni la dereva. Usikubali kuchangishwa faini yake.

Ikiharibika, anza na barua au ujumbe wa simu kwa mwenye gari, ukitaja kiasi cha matengenezo kwa risiti ya fundi. Akikaa kimya, nenda ofisi ya LATRA, au Mahakama ya Mwanzo, inayosikiliza madai ya fedha ya mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, kwa Kiswahili. Kuandika dai si lazima uwe na wakili: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na msaada wao kwa asiye na uwezo ni bure.

Na pale Bweri, konda akikuharakisha utie saini ya kupokea, mwambie asubiri. Zunguka pikipiki yote, itie mafuta kidogo uiwashe, na ukiona ubovu uandike juu ya karatasi hiyohiyo kabla ya jina lako.