Somo la Mwezi: Mwenye Mwendo wa Pole Atangulie

Andiko la kusoma nyumbani: Mwanzo 33:12-14



Vijana wa kwaya wametuomba ruhusa wapande mlima pamoja Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Wengi wao walifika hapa Nakivale wakiwa wadogo. Tumeruhusu, ila kwanza tunataka kuwasimulia jinsi sisi tulivyopanda mara ya kwanza tukakosea.

Kwetu ni Makebuko, katika Gitega. Kwa Kirundi neno umusozi ni mlima, na ni pia sehemu anapoandikishwa mtu, yaani kwao. Kwa hiyo tulijiona watu wa milima tangu tumboni. Kumbe kupanda kwenda shambani ni jambo moja, na kupanda mlima ni jambo lingine.

Mwezi wa nne 2014, likizo ya Pasaka, tulikuwa wanafunzi sita wa chuo cha Biblia. Tukaamua kwenda Heha, mlima mrefu kuliko yote Burundi, wenye zaidi ya mita 2,600. Uko kwenye ule mgongo unaogawa maji: mvua ya upande wa mashariki huishia Nile, ya magharibi huteremka Ziwa Tanganyika na mwishowe Kongo. Tulitaka kusimama hapo katikati. Hatukumuuliza mtu. Mwezi wa nne ni wakati wa mvua kubwa, miguuni tulivaa viatu vya kanisani, na maji yalikuwa chupa mbili kwa watu sita.

Tukaanza kwa mbio, kosa la kila mgeni wa mlima. Kipimo ni rahisi: ukishindwa kuongea na mwenzako huku unatembea, umezidisha mwendo. Wala usingoje kiu ndipo unywe. Kule Kilimanjaro, kwenye mita 5,895, waongozaji huwaambia wageni pole pole tangu chini, maana juu hewa ni nyepesi, na anayekimbia huumwa kichwa na kutapika hata akiwa kijana mwenye nguvu. Heha haifiki huko, lakini pumu haiulizi urefu wa mlima.

Maana mmoja wetu alikuwa na pumu. Tulimngoja mara mbili. Hapa sikilizeni vizuri: tulimngoja tukiwa tumekaa, na alipofika tu, tukainuka kuendelea. Sisi tulikuwa tumepumzika, yeye hapana. Mara ya tatu akasema, "Tangulieni, ndugu, nitawakuta." Kusema kweli, tulifurahi kusikia hivyo.

Kileleni tulikuta ukungu. Hatukuona Tanganyika wala milima ya Kongo. Tulijihesabu, tukawa watano. Kushuka kukawa kugumu kuliko kupanda, udongo unateleza, magoti yanatetemeka. Tuliita jina lake mpaka sauti zikakauka. Tulimpata karibu na jioni, nyumbani kwa mama mmoja mkulima wa viazi, amefunikwa blanketi, ana kikombe cha uji mkononi. Yule mama hakutugombeza. Aliuliza tu, "Mlimwacha na nani?"

Hakuna aliyejibu. Na tulikuwa na miaka miwili chuoni tukisomea uchungaji.

Baada ya hapo tulilisoma upya andiko la leo. Zamani tulilipita haraka, tukipenda zaidi habari za Yakobo kupigana mweleka usiku. Esau amekuja na watu 400, anataka waondoke pamoja. Yakobo anakataa kwa adabu: watoto ni wachanga, mifugo inanyonyesha, wakikazwa mwendo siku moja tu mifugo itakufa. Yeye atakwenda kwa mwendo wa watoto. (Wengine husema ilikuwa hila, kwa kuwa hakumfuata Esau mpaka Seiri. Inawezekana. Lakini juu ya watoto alisema kweli.)

Mwaka uliofuata, 2015, tulikimbia. Kutoka Muyinga tulielekea mpakani kwa mguu, usiku, pamoja na mama yetu mzazi na mtoto wa miezi mitano. Tulimweka mama mbele. Akisimama, sote tulisimama. Majirani walitupita, wengine wakatuonya kwamba tutakamatwa. Hatuwalaumu. Nasi tuliogopa sana, na njia nzima hatukujua kama tunawaokoa watu wetu au tunawaangamiza. Tulivuka tukiwa wote.

Na hapa makazini? Tangu 2023, mgao ulipoanza kutolewa kwa makundi, wako waliopungukiwa kuliko wengine, na baadhi yao hatuwaoni tena ibadani. Ukiwauliza, husema watakuja. Ni kama kusema, "Tangulieni, tutawakuta."

Maswali ya kuzungumza nyumbani: Katika nyumba yenu, nani anatembea nyuma? Mkimngoja, akifika, anapata nafasi ya kupumzika? Nani katika zoni yetu hajaonekana ibadani mwezi huu, na yuko na nani?

Kwa vijana: tutaondoka kanisani saa kumi na mbili asubuhi. Kila mmoja aje na lita moja ya maji, sweta, na viatu vya kufunika vidole. Ndugu yetu mwenye mguu unaomsumbua atatangulia, na hakuna wa kumpita. Mwalimu wa kwaya atakuwa wa mwisho, na kila tukipumzika atatuhesabu. Mvua ikinyesha, tutakwenda Jumamosi nyingine.