Hesabu Miezi 6 Kabla ya Pasipoti Kuisha

Tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye pasipoti si siku ya mwisho ya kusafiri nayo. Nchi nyingi, ikiwamo India wanakokwenda baadhi ya wagonjwa kwa matibabu, hutaka pasipoti iwe na uhai usiopungua miezi 6 mgeni anapowasili. Kwa mfano, pasipoti inayoisha tarehe 30 Novemba haimfai mgonjwa atakayefika India tarehe 10 Juni, kwani imebakiza miezi 5 na siku 20. Huweza kuzuiwa uwanja wa ndege na kukosa miadi ya hospitali. Hivyo, kabla ya kukata tiketi, mwananchi akague pasipoti yake na ya msindikizaji. Muda usipotosha, aombe pasipoti mpya Idara ya Uhamiaji mapema.